Vaa Viatu

Watu wa nje wanaijua Hale kwa umeme wa Mto Pangani. Sisi wengine tunaijua kwa mkonge. Nilikuwa kibarua wa korona, mtambo wa kuchambua singa za mkonge, na kikohozi kilipoanza nikasingizia vumbi la singa. Usiku shuka linalowa jasho, suruali zinanivuka, na bado kila aliyeniuliza nilimjibu ni mafua tu. Wenzangu wakanijibu kwa upendo, "Usijali, utapona." Nililipenda neno hilo kwa sababu halikunidai chochote.

Shangazi yangu, mjane, hakulisema. Nami nilikuwa nimeshamtangazia mabaya, kwamba ndiye kanitupia kitu kwa ajili ya shamba la marehemu babu. Akaja alfajiri. Nikamwamkia shingo upande. "Marahaba," akasema. "Vaa viatu."

Kituo cha afya wakapima makohozi: kifua kikuu. Nikaliona kaburi. Muuguzi hakuniambia nisiogope. Alinipangia vidonge mezani: "Utameza kila siku, miezi 6, bila kuruka, na hulipi kitu. Mkojo utakuwa mwekundu. Ni dawa hiyo, si damu. Ukiona macho yanageuka njano, njoo siku hiyohiyo." Akamgeukia shangazi: ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe wala sahani, unapita hewani, kwa hiyo madirisha yawe wazi.

Mkojo ukatoka mwekundu kama alivyosema. Nilicheka peke yangu chooni. Aliyelijua hili, nikawaza, huenda na la kupona analijua. Usiku ule nililala.

Nguvu ziliporudi nikataka kuacha dawa. Wengi huachia hapo, na ugonjwa ukirudi unaweza kuja ukiwa sugu. Shangazi alikuwa anasimama mlangoni na maji mpaka nimeze, ndipo alete uji. Siku nilipomwomba radhi kwa yale niliyomzushia, alinijibu, "Meza kwanza." Sikuustahili uji ule, na hakuwahi kunikumbusha.

Sasa vijana wa korona hunijia. Anayekohoa zaidi ya wiki 2 namwambia akapime, nami nitamsindikiza. Kama ni wewe, nawe njoo. Juzi kaja mmoja aliyeanza dawa, macho yamemtoka: "Kaka, nakojoa damu!"

Nikamvutia kigoda.