Chema Chajiuza, Fomu Yauliza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imeingia katika malezi ya watu wa visiwani kiasi cha kuwa si methali tena bali ni adabu. Mtoto akifaulu mtihani, babake ndiye atakayesema barazani, au mwalimu wake. Yeye mwenyewe hutazama chini. Adabu hiyo hufikwa na jambo zito siku kijana wa Unguja au Pemba anapokaa mbele ya fomu ya kuomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Fomu haimjui baba wala haifiki barazani. Yamtaka kijana aseme kwa ulimi wake kwa nini achukuliwe yeye, aachwe mwingine.

Safari ya elimu si mpya katika visiwa hivi, ila zamani ilikuwa na mlango mwingine. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, alifuata elimu Hadhramaut, akafika hadi Istanbul, akawa miongoni mwa makadhi wakubwa wa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925. Katika ulimwengu ule mwanafunzi alichukua ijaza. Mwalimu huandika kwamba fulani amesoma kwangu kitabu hiki, nami nilikisoma kwa fulani. Mwanafunzi hakuwa na haja ya kujisifu, kwa kuwa mlolongo wa majina ulimshuhudia.

Leo, kwa anayeomba shahada ya kwanza Uingereza, maombi aghalabu hupitia taasisi moja, UCAS. Mwombaji huruhusiwa kozi zisizozidi tano. Barua ya mwalimu bado inatakiwa, lakini pembeni yake yamo maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi za katikati zikihesabiwa. Kuanzia maombi ya kujiunga mwaka 2026, insha iliyokuwa moja imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Msomaji aliyezoea mizani na vina hatashangazwa na mpaka wa herufi. Kigumu ni lile neno "mimi".

Hapo ndipo wakala anapopata riziki yake. Huja na maelezo yaliyokwisha kupikwa: tangu utotoni nimekuwa na shauku, mimi ni mchapakazi, nina kipaji cha uongozi. Kijana aliyeona haya kujisema hupumua, kwani sasa maneno si yake na aibu si yake. Ugonjwa huu si wa visiwani peke yake. Mwaka 2007 UCAS walipochunguza maelezo ya waombaji, walikuta 234 wakisimulia kisa kimoja cha kuunguza tundu katika nguo za kulalia walipokuwa na umri wa miaka minane. Tangu wakati huo maelezo hulinganishwa kwa kompyuta, na anayeazima maneno ya mwenziwe huweza kujulikana kabla hajajibiwa.

Yuko binti mmoja wa Paje aliyetaka kusoma elimu ya viumbe vya baharini. Wakala alimpa karatasi yenye shauku na vipaji, akailipia. Mwalimu wake wa baiolojia aliisoma akamrejeshea, akamuuliza swali moja tu: "Mama yako analima mwani wa aina gani?" Binti akajibu kwamba sasa ni spinosum peke yake, kwa sababu cottonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa maji yanapopata joto. Akaeleza jinsi matawi yanavyogeuka meupe, yakalainika, yakakatika kambani. Akaongeza, kama jambo lisilo na maana, kwamba kwa miezi minane alikuwa akifuatana na mamake maji yanapokupwa, akipima joto kwa kipimajoto alichoazima shuleni na kuandika katika daftari.

"Na haya umeyaandika wapi katika fomu?" mwalimu akauliza.

"Hayo si ni kazi ya nyumbani tu, Mwalimu?"

Usiku ule alianza upya. Bibi yake, aliyemsikia akisoma kwa sauti, alimwonya: "Mjukuu wangu, mtu hajisifu."

"Sijisifu, bibi. Nasema tulichokiona."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akamsahihisha: mwani wa kwanza katika shamba lao haukufa mwaka ule aliousema, ulikufa mwaka uliotangulia. Binti akafuta, akaandika ulio sahihi.

Katika jibu hilo la binti umo ufumbuzi wa shida yote. Kujisifu ni kumwambia msomaji ahukumu nini. Kushuhudia ni kumweka mbele ya jambo, ahukumu mwenyewe. Adabu ya visiwani inakataza la kwanza. La pili haikulikataza kamwe, na ijaza ilisimama juu yake. Chema hujiuza, naam, lakini sharti kitolewe ghalani kikaonekane.

Vyuo vitatu kati ya vitano vilimkubali. Ndipo lilipokuja la fedha, na fedha nazo zilikuja na karatasi ya kuazima. Mwombaji wa viza ya masomo ya Uingereza hutakiwa kuonyesha kwamba fedha za karo na za kujikimu zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo. Wajomba wawili, kwa mapenzi yao, wakajitolea kukusanya fedha za watu, ziwekwe siku hizo 28, kisha zirejeshwe kwa wenyewe. Viza ingetoka, pengine. Karo ya mwaka wa pili isingekuwa na pa kutoka, na binti angekuwa mgeni katika mji wa baridi akitafuta kazi kuliko anavyotafuta elimu.

Alikataa, na haikuwa rahisi kuwakatalia wajomba. Alikiandikia chuo kimoja kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, akaanza kutafuta ufadhili, ambao kwa shahada ya kwanza ni haba kuliko kwa shahada ya uzamili. Aliomba pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 1978 kina taasisi yake ya sayansi za bahari hapa hapa Unguja. Katika fomu hiyo aliandika yale yale ya mwani, bila kuongeza wala kupunguza.

Majibu ya ufadhili hayajaja. Bamvua ikifika, yeye na mamake huteremka pwani, mama na kamba zake, binti na kipimajoto. Daftari la kwanza limejaa. Ameanza la pili.