Kitabu cha Bei na Kitabu cha Wazee

Hapa kwetu Kibua mtu akisema "buku", wengi huwaza mambo mawili tu: Katekisimu, na daftari la mtoto wa shule. Vyote viwili ni vyema, wala hatusemi neno juu yake. Lakini wako wasomaji wanaotuuliza: tukipata faranga kidogo, tununue kitabu gani? Nao huuliza kama mtu aulizavyo dawa. Wataka kimoja kitakachowafaa, maana hawana fedha ya kujaribu. Swali hili ni la haki. Kitabu chatoka mbali, Goma au hata Nairobi, nacho hufika kwa pikipiki katika matope, na safari yake huweza kugharimu kuliko karatasi zake. Basi leo twataka kusema wazi ni vitabu gani tunavyoviona vya kufaa, na kwa nini.

Tutaanza na kile ambacho hakuna atakayekipenda, yaani kitabu cha bei. Twasema zile karatasi za serikali zinazotaja malipo ambayo mwananchi aweza kudaiwa: kodi, ada, hati na mihuri. Tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2018 zilitolewa amri mbili zenye nguvu ya sheria: namba 18/003 juu ya malipo ya serikali kuu, na namba 18/004 juu ya malipo ya mikoa na ya serikali za chini, yaani miji, komuni, sekta na sheferi. Ni orodha kavu kabisa. Haina mapenzi, haina safari, hakuna mtu anayekufa ndani yake. Lakini maana yake ni kubwa kuliko sura yake: malipo yasiyokuwamo katika orodha hiyo, mtumishi hana haki ya kuyadai. Mama anayepeleka ndizi na mafuta ya mawese sokoni, akijua hayo, huuliza swali moja tu: "Baba, imeandikwa wapi?" Swali hilo halina matusi, nalo lina nguvu.

Twamjua baba mmoja aliyeuza mbuzi ili aandikishe mtoto wake mchanga katika ofisi fulani. Mtoto alikuwa na wiki sita. Sasa tazameni: Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1987 inawapa wazazi siku 90 za kutangaza mtoto aliyezaliwa, na sheria ya kuwalinda watoto, namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, yasema kwamba kuandikishwa huko ni bure. Mbuzi yule, basi, alikwenda kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyesoma ukurasa mmoja. Hata shule ya msingi ya serikali, Katiba ya mwaka 2006 katika kifungu cha 43 yasema ni ya lazima na ni ya bure, ingawa ilitubidi kungoja hadi mwaka 2019 ili tuone neno hilo likianza kutendeka.

Mtatuambia: sheria zimeandikwa Kifaransa, sisi tutazisomaje? Mna haki. Lakini jueni kwamba Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 142, yaamuru serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutangazwa. Siku 60! Katika vijiji vyetu tumehesabu miaka. Tusikae tu kungoja. Mwalimu anayejua Kifaransa asome kwa sauti kifungu kimoja jioni, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike maana yake kwa Kiswahili katika daftari. Kwa mwezi mmoja mtakuwa na kitabu chenu wenyewe.

Katika daftari hilo hilo andikeni na bei za kazi za watu. Vituo vingi vya afya hubandika bei zake ukutani. Zinakilini, pamoja na tarehe, maana bei ya mwaka jana ni hadithi. Ulizeni fundi mwashi anadai nini kwa siku, na seremala kwa mlango mmoja, na mwandishi wa barua kwa barua moja. Mwenye kesi ya shamba asimpe wakili hata kuku kabla hajasikia malipo yote na kuyaona kwenye karatasi. Wengine hudhani daftari la namna hii ni la kumbana fundi. Sivyo. Fundi naye hudhulumiwa, tena mara nyingi: amekwisha paka ukuta chokaa ndipo tajiri aanze kusema "tutaonana". Bei iliyoandikwa yawalinda wote wawili, na urafiki wao pia.

Hatutaki kuwadanganya, lakini. Kitabu hakizuii bunduki. Penye barieri, mwenye silaha akinyosha mkono, usimsomee namba 18/004. Toa, pita, ukafike nyumbani mzima. Twasema juu ya mahali ambapo bado kuna meza, kalamu na mtu anayeweza kuona haya.

Kabla hatujaacha vitabu vya kazi, tutaje kimoja chenye faida kila siku: "Mahali Pasipo na Daktari" cha David Werner, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Kina picha nyingi, hata asiyesoma vizuri aweza kufuata. Nyumba moja katika kila kijiji ingekuwa nacho, watoto wasingekauka kwa kuhara huku wazazi wakibishana juu ya uchawi.

Sasa tuje kwenye hadithi. Wako watu wakali wanaosema hadithi ni mchezo wa wavivu. Sisi twawaomba wasome "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Humo mna nchi inayoelea angani, na mtu aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake nini? Ameiba? Ameua? La, alitaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Yaani mambo yale yale ya mbuzi wa baba yule! Karama ajitetea kwa siku sita, na kila siku awaeleza habari ya mjumbe aliyetumwa mbali kutafuta mema, akarudi akalipwa gereza. Tulipokisoma kwa sauti, mzee mmoja alisema nchi hiyo haielei angani hata kidogo. Kiswahili chake ni cha pwani, nacho kitawakwaza wasomaji wetu pale mwanzoni. Msiogope. Someni polepole, na neno gumu liulizeni, au liacheni lipite. Ukurasa wa pili utalieleza.

Lakini kitabu tunachokipenda kuliko vyote ni cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Huyu alikuwa Mkristu wa kwetu kabisa, mwanafunzi wa seminari ya Rubya, aliyefanya kazi pamoja na mapadre. Aliona desturi za wazee zinazama, akaandika hadithi ndefu kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Alingoja, akazeeka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikatoka Dar es Salaam kwa jina refu kama hadithi yenyewe: "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali". Miaka 35 ya kungoja! Mwaka uliofuata alifariki.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wasiopata mtoto, zamani za kabla ya Wazungu. Wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere, ili amrudishe mkewe, hutozwa faini ya pombe ya ndizi. Basi soma jinsi anavyohangaika kuipata pombe hiyo: ndizi, mitungi, majirani, siku za kungoja. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kitabu cha bei na kitabu cha wazee ni ndugu. Wazee nao walikuwa na bei zao, zikajulikana na wote, na aliyezidisha alionekana mbele ya watu. Myombekere hamwachi mkewe ingawa ndugu zake wamchochea aoe mwingine. Wenye ndoa zinazolia kwa kukosa mtoto, wakisome hicho wakiwa wawili.

Kwa nini twasisitiza hadithi za zamani hapa Masisi na Walikale? Kwa sababu kwetu mambo ya zamani yameua watu. Magomvi mengi yaanza na maneno haya: "Sisi tulitangulia." Vita vya mwaka 1993 vilianzia katika soko la Ntoto, mahali ambapo watu wa kila kabila walikuwa wakiuziana chumvi. Vijana waliokwenda kupigana walikuwa wamesikia historia, naam, lakini waliisikia kwa mtu mwenye hasira. Kuna mambo yenye tarehe na makaratasi: kwa mfano, kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha jamaa nyingi kutoka Rwanda hadi Masisi, na kazi hiyo ilikuwa na ofisi yake na hesabu zake. Ukiyasoma jambo hilo, walielewa na kuwaona waliokuwa hapa na walioletwa, wote chini ya mkono wa mwingine. Ukilisikia penye pombe tu, walichukua panga.

Tena someni vitabu viwili viwili, msimwamini msimulizi mmoja. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, ameeleza maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Yalichapwa na Mdachi aitwaye Brode kule Berlin mwaka 1902 na 1903, na baadaye yakachapwa tena Afrika ya Mashariki. Ni habari za Kasongo na Maniema, za pembe za ndovu na misafara. Na Kiswahili tunachokisema sisi kilipita njia hizo hizo. Anasimulia vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari: kila pembe imehesabiwa, lakini wapagazi hawana majina. Basi ukikifunga hicho, fungua "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, cha mwaka 1934, juu ya watu waliokamatwa, wakaokolewa baharini, wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Mbotela naye awasifu Waingereza kupita kiasi, kwa maoni yetu. Hata hivyo kwake mtumwa ana mama, na ana njaa. Na anayetaka kujua ujira wa mtu wa bandari, amtafute Adam Shafi katika "Kuli", juu ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948.

Limebaki jambo moja linalotuuma. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa na mzee Candi Rureke katika nchi ya Wanyanga, hapa hapa upande wa Walikale, akaandika kwa siku 12 mfululizo masimulizi ya Mwindo: mtoto Kabutwakenda, aliyezaliwa akatembea. Baba yake Shemwindo alikuwa ameamuru wakeze wazae mabinti tu, akajaribu kumwua, akamfungia katika ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo alifika kwa shangazi yake Iyangura, kisha akamfuata baba hata chini ya ardhi. Na alipompata, hakumwua. Alimrudisha nyumbani, baba akakiri makosa yake mbele ya watu, wakapatana. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, alishiriki kazi hiyo. Wanafunzi wa nchi za mbali wanakisoma. Watoto wa Kibua, wengi wao, hawajawahi kukiona. Wazee wanaojua kuimba Mwindo wanapungua, na mwezi wa tatu mwaka 2025, vita vilipoingia hata Walikale, watu walikimbia na sufuria na magodoro. Nani angewalaumu kwa kuacha karatasi?

Kwa hiyo twaomba walimu wa Kinyanga wanaosoma gazeti hili: aliye na nakala ya kitabu hicho, hata iliyochakaa, atuazime kwa miezi miwili. Maneno ya Kinyanga tutayanakili kwa mkono, na Kiswahili tutakiandika upande wa pili, katika madaftari mawili, moja likae Kibua na jingine mahali pengine. Nakala yake tutaifunga kwa nailoni, pamoja na kadi zetu za ubatizo, na kuirudisha kwa mkono wa katekista.