Seva Mbili, Diski Moja

Wasee, mkisikia kampuni ikijigamba eti "sisi tuna seva mbili, simu zetu hazizimi," ulizeni swali moja tu: data inakaa wapi?

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ya kwanza ikawa kupokea simu za usiku kwa kampuni ya ambulensi. Sitaitaja. Mfumo wa simu ulikuwa Asterisk, ile programu ya bure ambayo Mark Spencer aliianzisha 1999. Seva zilikuwa mbili, moja ikianguka ya pili inashika kazi. Kwa karatasi, poa sana. Lakini zote mbili zilikuwa zinasoma hifadhidata kutoka kwa kisanduku kimoja cha diski. Usiku mmoja, saa nane hivi, kisanduku kikagoma. Seva ziko hai, taa zinawaka, na hakuna hata moja inayojua laini ya nani ni ipi. Dakika 40 za kimya. Asubuhi mama mmoja akatupata, akasema alikuwa amepiga mara 11. Mume wake alikuwa anashindwa kupumua. Walimpeleka hospitali na gari la jirani, na kwa bahati akapona. Bosi akanunua kisanduku kikubwa zaidi. Kimoja.

Watu wa mitambo ya simu huongea kuhusu "tisa tano," yaani mfumo uwe hewani 99.999% ya wakati. Piga hesabu: kwa mwaka unaruhusiwa kuzima dakika 5 na sekunde kidogo. Sisi tulikula ya zaidi ya miaka 7 kwa usiku mmoja.

Sasa kuna wale watasema weka nakala ya kila kitu, kila mahali. Mimi hapo nakataa, hiyo ni kumwaga doo. Data za simu hazilingani. Ile orodha ya simu gani iko hewani sasa hivi inaweza kukaa kwa RAM. Ikipotea, simu zinajisajili upya zenyewe (ila usiziwekee muda wa saa nzima, tafadhali). Rekodi za sauti ni nzito, kama kilobaiti 480 kwa dakika ukitumia G.711, kwa hivyo zinakiliwe polepole, hakuna anayekufa zikichelewa. Lakini namba za laini, zamu za madereva, na nani alipiga saa ngapi? Hizo ziandikwe kwa diski mbili tofauti kabla mfumo haujasema "sawa." PostgreSQL inafanya hivyo tangu 2011, na ni ya bure.

Ericsson walishaliona hili kitambo. Hifadhidata yao ya Mnesia, iliyotengenezwa na lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu, inakuacha uamue jedwali kwa jedwali: hili RAM peke yake, hili na diski pia, hili liwe na nakala kwa mashini hizi tatu.

Tatu, nimesema. Hapo ndipo wengi hubana pesa. Ukiwa na mashini mbili na kebo ya katikati ikatike, kila moja inaamini mwenzake amekufa. Zote zinaanza kuandika. Fahali wawili zizi moja. Kebo ikirudi una vitabu viwili visivyokubaliana, na hakuna programu itakayokuambia kipi ni cha kweli. Mashini ya tatu haihitaji hata kubeba data. Kazi yake ni kupiga kura: mwenye kura mbili anaendelea, aliyebaki peke yake ananyamaza. Kompyuta ndogo ya bei rahisi inatosha, bora isichomekwe kwa ekstensheni moja na hizo zingine. Usicheke, nimeiona hiyo kwa macho yangu.

Na hizo nakala zote si bakapu. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, linafutika kote sekunde hiyo hiyo. Bakapu ni ya jana, na inakaa jengo lingine.

Kama uko job mahali pa simu za dharura, omba ruhusa mfanye zoezi siku moja, laini za akiba zikiwa tayari: mchomoe kebo ya diski mkiwa mmeshika saa mkononi. Kisha niambie hapa chini ilichukua dakika ngapi simu kurudi.