Sehemu ya 6: Miguu ya mama mkwe

Jamani wamama wenzangu, jana niliishia pale tulipoambiwa figo za mama mkwe zimechoka. Leo naandika nisichopenda kukisema.

Karibu miaka miwili mama alilalamika miguu na kiuno. Akirudi shambani, huko Bahi, akikaa kwenye kigoda kuinuka ni shughuli. "Mwanangu, mifupa inawaka moto." Tukasema uzee. Na aliyekuwa anamnunulia diklofenaki duka la dawa ni nani? Mimi. Nesi mzima! Presha yake naijua, lakini kumpima figo sikumpeleka.

Majibu ya kreatinini yalipotoka ndiyo akili ikanirudia. Figo hazitengenezi mkojo tu. Zinaiamsha vitamini D ifanye kazi mwilini, na zinatoa fosfeti iliyozidi. Zikichoka, fosfeti inajaa kwenye damu, kalsiamu inashuka, halafu vitezi vinne vidogo vya shingoni vinaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Jua lote hili la Dodoma, mama kalipigwa maisha yake yote, halikumsaidia, maana figo ndizo zilitakiwa kumalizia kazi. Na diklofenaki inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Nilikuwa namtuliza huku namuumiza.

Kwa hiyo mzee wako mwenye presha au sukari akilalamika mifupa, mpime kwanza mkojo na kreatinini. Wala usimkimbizie vidonge vya kalsiamu kwa kusikia jirani kasema.

Mama hajafikia kusafishwa damu. Wenzetu waliofikia wanahudumiwa hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako tangu 2018 wanapandikiza hata figo. Yeye kaandikiwa kidonge cha kalsiamu, anameza katikati ya chakula, maana kazi yake ni kuikamata fosfeti ya kwenye sahani. Akimeza usiku tumbo tupu, hiyo kazi haifanyiki. Soda nyeusi kaacha bila shida. Dagaa wakavu ndiyo ugomvi! Ugali wa uwele na mlenda bila dagaa, anasema namtesa.

Jumapili kaniomba tena "ile dawa yako ya miguu." Nikampa parasetamo, nikamkanda kwa maji ya moto. Akanishukuru, akasema mimi ndiye ninayemjali kuliko wanawe. Sijamwambia bado.