DAWA ZA STEROIDI: USIAZIME TYUBU YA JIRANI (Sehemu ya 4)

Joto hili la kaskazi hapa Nungwi limejaza watoto harara, na kila siku naulizwa: "Nesi, jirani kaniazima tyubu yake, nimpake mwanangu?"

Kwanza soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa la dawa. Steroidi zimefanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo zetu. Zinatuliza muwasho haraka, ndo maana tunazipenda. Lakini nguvu zao hazilingani. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni pole. Betamethasoni ina nguvu zaidi. Klobetasoli ni kali kabisa, na ndo hiyo inayotiwa kwenye mikorogo ya kujichubua. Ukiipaka ndani ya nepi, inazama mwilini zaidi na ngozi inakonda. Kama ni fangasi, wekundu utapoa huku fangasi wanaenea. Harara ya kawaida inataka maji ya baridi kidogo, nguo nyepesi na upepo tu.

Za kumeza ni vivyo hivyo. Prednisoloni miligramu 5 inakaribiana nguvu na deksamethasoni miligramu 0.75, na deksamethasoni inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa dukani "ile haipo, chukua hii", usibadilishe kidonge kwa kidonge. Muulize kwanza aliyekuandikia.

Ila msiziogope pia. Mtoto wa pumu aliyebanwa kifua akiandikiwa prednisoloni siku 3 hadi 5, mpe mpaka aimalize, asubuhi baada ya kula. Atataka kula kila saa, atakuwa mkorofi, usingizi utapungua. Yatapita.

Aliyetumia wiki nyingi ni habari nyingine. Uso unajaa mviringo, watu wanasifu "mashaallah, kanenepa!", kumbe ni dawa. Urefu unaweza kuchelewa, sukari ikapanda, na maradhi yakampata kwa urahisi. Huyu usimkatishe ghafla hata siku moja. Tezi zake zimelala. Anaweza kulegea, kutapika, hata kuzimia. Dozi inapunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Kwa hiyo ukija kliniki njoo na tyubu, chupa na vidonge vyote, hata vilivyokwisha. Na siku ya chanjo tuambie kama mtoto anakunywa steroidi.

Una tyubu nyumbani? Niandikie hapa chini jina lile dogo, nikujibu.