Nani Kakwambia?

Ndugu msomaji, mwanao akikuletea insha ya chuo, usimwulize kwanza ina kurasa ngapi. Muulize: nani kakwambia? Swali hili si geni kwetu. Wanavyuoni wa Hadithi hawakuridhika na neno bila ya isnadi, na kila mpokezi wakamchunguza ukweli wake na hifadhi yake.

Mpwa wangu aliandika kuwa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, wote ni wa mwaka 500 Hijria, yaani 1107. "Mjomba, si imeandikwa kiblani?"

Naam, imeandikwa, tena kwa hati ya Kufi. Lakini jengo tulionalo sehemu kubwa lilijengwa upya katika karne ya 18. Nikamwambia aende mwenyewe, anakili kila tarehe aionayo, atenge alichokiona na alichosimuliwa, na amtaje kila msimulizi. Alinung'unika (vijana hupenda njia ya mkato), maana insha ilitakiwa Jumatatu. Sikumhurumia. Kuwazulia waliopita kazi wasiyoifanya ni uwongo, na waliojenga baadaye nao wana haki yao.

Alikwenda Jumamosi. Aliporudi, ukurasa mzima ulikuwa umefutwa, na pembeni kaandika: nani aliyeujenga upya, na kwa nini?