Kutoka Jichoni Hadi Sindanoni

Kanzu zilikuwa 12, za watu wa upande wa bwana harusi, na kwanjula yenyewe, sherehe ya kumtambulisha kwa wakwe, ilikuwa kesho yake. Ssenga wake, yaani shangazi, alikuja kuzichukua dukani kwangu Kiyembe Ijumaa alasiri. Hakuzikagua ndani. Alitoka nazo kibarazani, juani, akawa anazitandaza moja moja, na alipofika ya saba akanyamaza.

"Ssebo," akaniambia, "mkono huu umeutoa wapi?"

Kanzu ilikuwa nyeupe pe, ila mkono wa kushoto ulikuwa wa kitambaa kingine, rangi ya maziwa. Hayo aliyaona yeye, na mwanafunzi wangu, na muuza vifungo wa jirani, na mpita njia mmoja ambaye hakuulizwa. Mimi niliigeuza kanzu mbele na nyuma nikaona rangi moja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekata na kushona kanzu Kampala tangu 1994, na kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, kwa hiyo nilikuwa na kiburi kidogo juu ya vazi hili, kana kwamba nililileta mwenyewe. Usiku ule niliutatua ule mkono chini ya taa nikashona mwingine, mwanafunzi wangu akinichagulia kitambaa kama anayemshika kipofu mkono. Tarizi ya maruni ya kifuani nilimwachia yeye. Sikuuamini tena uzi wowote.

Kumbe nilikuwa na mtoto wa jicho. Hadi hapo nilikuwa nikiamini kwamba mtoto wa jicho ni utando unaoota juu ya jicho, kitu cha kubanduliwa. Sivyo. Ni lenzi yenyewe ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni, inazeeka na kuacha kuwa angavu. Yangu iligeuka kutoka maji hadi chai ya rangi, pole pole mno hata nikahama nayo bila kujua. Nyeupe ikawa maziwa, buluu ikawa kijivu, na mimi nikawa nawalaumu wenye viwanda kwamba siku hizi hawatii rangi vizuri. Miwani nayo nilikuwa nabadilisha kila mara. Nimevaa miwani ya kuonea mbali tangu shule, namba 3, na ndani ya miaka miwili nikafika 5, kisha 7. Lenzi ikivimba na kukaza katikati hufanya hivyo. Yule jirani muuza vifungo alipatwa kinyume changu: baada ya miaka 15 ya miwani ya kusomea, siku moja akaanza kusoma gazeti bila miwani, watu wakampongeza kwamba ujana umemrudia. Alikuwa ni mtoto wa jicho anampakia mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka uliofuata hakuona gazeti kabisa.

Kilichonichelewesha ni woga, na woga wangu ulikuwa na sura ya baba. Alipasuliwa macho Tanga nikiwa kijana. Enzi zile lenzi ilitolewa, haikuwekwa nyingine, na mgonjwa akapewa miwani nene kama kitako cha chupa. Ile miwani humkuzia mtu kila kitu kwa kama robo nzima, na kukisogeza karibu. Baba alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe na kushika hewa. Mama alijifunza kumwekea kikombe mkononi, kimya kimya, mbele ya wageni, ili asiaibike. Nilijiambia kwamba nikifanywa hivyo nitashonaje.

Ile kanzu ya ssenga ndiyo iliyonipeleka. Kulikuwa na kambi ya macho ya bure, nje ya mji. Jina lake halina haja hapa, walikuwa watu wema waliochoka. Tulipangwa kwenye mabenchi, kila mmoja na kipande cha plasta juu ya paji kuonyesha jicho la kupasuliwa. Mimi nilikuwa wa kulia. Kesho yake walipofungua bandeji kitu cha kwanza nilichoona ni shuka. Sikujua kwamba nyeupe ina ubuluu ndani yake. Nililia, sitaficha, na mzee aliyekuwa kando yangu alilia pia ingawa bandeji yake bado haijafunguliwa.

Nyumbani ndipo nilipogundua. Karibu, kila uzi nauona. Mbali, hakuna. Kibao cha teksi kilikuwa doa, uso wa mteja mlangoni ulikuwa chapati. Nilirudi kuuliza. Nikajibiwa, "Mzee, mtoto wa jicho ametolewa, mshukuru Mungu." Nilimshukuru. Na vibao vikabaki madoa.

Kwa miaka mitatu niliishi na macho mawili yasiyoelewana. Nikifumba la kushoto, kanzu nyeupe. Nikifumba la kulia, kanzu ya chai. Kwenye ngazi za Kiyembe, ambazo hata mwenye macho mazima huzikanyaga kwa bismillahi, nilianguka mara mbili.

Kampala haina uhaba wa milima wala hospitali. Kuna Mulago ya serikali, kuna Mengo aliyoianzisha Daktari Albert Cook mwaka 1897, na kuna kliniki za macho zenye vioo vya kung'aa. Niliyokwenda kwa jicho la pili sitaitaja, isije ikaonekana natangaza biashara. Musawo, yaani daktari, alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alilitazama jicho la kulia kwa taa yake nyembamba muda mrefu, akasema, "Mzee wangu, kazi ni safi. Lenzi imekaa katikati kabisa. Ila waliyokuwekea ni saizi ya wote."

Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti, maana saizi ya wote naijua. Ni nguo isiyomkaa mtu yeyote.

Alinieleza hivi. Ukitoa lenzi ya jicho umeondoa nguvu kubwa ya kukusanya mwanga, na lazima uirudishe kwa lenzi ya plastiki yenye namba. Namba hiyo hupatikana kwa kupima mviringo wa kioo cha mbele cha jicho na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23 na nusu hivi. Langu limezidi kwa kama milimita moja. Ndiyo sababu ya miwani tangu shule. Nikasema milimita moja mimi huilaza kwenye mshono na hakuna anayejua. Akacheka. "Kwenye jicho," akasema, "milimita moja ni karibu namba tatu za miwani." Pale kambini mashine ya kupimia haikuwepo, wakaweka namba inayowafaa wengi, na mimi nikarudishiwa jicho langu lile lile la shule.

Akanipa na kisa cha kunifariji. Aliyeweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la binadamu ni Mwingereza, Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, tarehe 29 Novemba 1949. Wakati wa vita alikuwa amewatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, akaona kwamba jicho halikuichukia plastiki ile. Akatengenezesha lenzi ya plastiki ya namna hiyo, akaiweka. Ikakaa. Lakini hesabu ya nguvu yake ilikosewa, na mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke wa miaka 45, akabaki haoni mbali kwa namba kubwa sana, kubwa kuliko yangu mara kadhaa. Nguo ya kwanza ya fundi, nikasema. Wakubwa wenzake Ridley walimpinga kwa miaka mingi, na uzeeni yeye mwenyewe akawekewa lenzi hizo hizo machoni. Lenzi zenyewe zilibaki ghali hadi zilipoanza kutengenezwa huku kwetu pia: kiwanda chenye jina la Fred Hollows, daktari wa macho aliyefanya kazi Australia, kilifunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994. Mwaka ule ule nami nilifungua duka.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na daktari. "Unataka kuona wapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe lenzi ya kawaida ina shabaha moja tu. Ukiiweka ya mbali, utavaa miwani kushona. Ukiiweka ya karibu, utavaa miwani kuvuka barabara. Zipo za masafa mengi, lakini usiku taa huota pete, weusi na weupe havitengani sawasawa, na bei yake ni cherehani mbili za umeme. Zipo pia za kunyoosha jicho lililobonyea kama yai; mimi sikuwa na haja nazo.

Tepu ilikuwa shingoni mwangu, kama kawaida. Naivaa hata msikitini kwa kusahau. Nikaivua. Nikaweka sifuri kwenye kona ya jicho, nikajifanya natunga uzi, musawo akasoma: inchi 13. Hilo lilikuwa tayari ni jicho la kulia, la saizi ya wote, limeangukia kwenye sindano kwa bahati. Kisha nikasimama kama nimeinamia meza ya kukatia, chaki mkononi. Inchi 31 na nusu. "Sentimita 80," akasema, akaandika. Kwa kipimo hicho, jicho la kushoto lingeona kitambaa mezani na uso wa mteja aliyesimama mbele ya meza. Mbali zaidi ningevaa miwani, nyembamba. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kwa sababu wengi wakiambiwa miwani itabaki huona wameibiwa. Nilimwambia kwamba maisha yangu yako kati ya inchi 13 na inchi 31, na barabarani bodaboda ndiye anayeona.

Upasuaji ulikuwa kama dakika 20. Matone ya ganzi, kitambaa usoni chenye tundu moja, taa, na mashine inayolia kwa sauti ya juu kila inapovunja ile chai ngumu na kuifyonza. Nilikuwa nimeomba anisimulie akiendelea. Kifuko cha lenzi hakitolewi, akasema. Hubaki kama bitana, na lenzi mpya huvalishwa ndani yake. Huingia imekunjwa kupitia tundu la milimita tatu hivi, kisha hukunjuka yenyewe taratibu. Nikangoja kusikia sindano. Hakuna. Tundu hukatwa kwa mshazari, na jicho lenyewe hulibana kwa ndani. Miaka zaidi ya 30 ya kushona, na jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni upasuaji usio na mshono.

Wiki sita baadaye nilipimwa. Palikuwa na tofauti ndogo, robo ya namba, na musawo aliikubali kwa uso wa fundi anayejua kwamba upindo umelala. Lile jicho la kulia sasa nalipenda, nilikuwa nimelionea.

Dukani nilianza kwa kutoa vitambaa vyote vyeupe rafuni na kuvipanga upya mezani. Rundo la weupe, rundo la maziwa. Jioni nikafungua kabati nyumbani kutafuta kanzu ya Ijumaa, ile niliyojishonea mwenyewe kabla ya yote haya, na kuivaa msikitini miaka mitano. Nikaitandaza kitandani. Mgongo mweupe, mbele maziwa, mkono mmoja mweupe, mkono mmoja maziwa.

Nikamwita mke wangu, nikamwonyesha.

"Naijua," akasema. "Nilidhani ndiyo mtindo."